Kibarua wa Tano

Jibu lilikuwa zuri kupita kiasi, na hilo ndilo lililomtia Helka wasiwasi.

Alikuwa ameketi na mwenzake Ilpo katika ukumbi wa kompyuta uliochongwa ndani ya mwamba, pembezoni mwa mji wa Kuopio. Ilikuwa adhuhuri ya mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, na mji mzima ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye vibanda vya ziwani. Wao wawili walibaki kupima kasi ya kompyuta mpya. Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Unaandika amri ya mstari mmoja kwenye skrini nyeusi, unaiambia programu itumie vibarua wangapi, yaani visehemu vyake vinavyogawana kazi, nayo inawatwisha hesabu, kisha inakutemea namba ya kasi. Kila kompyuta ilikuwa na nafasi ya vibarua wanne, basi.

Helka aliagiza wote wanne. Namba iliyotoka ilikuwa ya watano.

"Umeandika vibaya," alisema Ilpo, akitafuna soseji baridi.

"Njoo uone mwenyewe. Wanne."

"Basi kuna mmoja anajitolea bure. Mwache, mama, tusimuudhi akaomba likizo. Marketta ameshabandika viazi vipya, na mimi mke wangu namjua."

Helka hakucheka. Kompyuta ni ile ile, amri ni ile ile. Jibu haliwezi kuruka hivyo. Akarudia. Namba ikapanda. Akarudia tena, ikapanda tena, na safari hii, chini ya mvumo wa mapangaboi, alisikia sauti nyingine: mnong'ono mwembamba, wa haraka, kama wa mtu anayejihesabia kitu akiogopa kukosea. Ikafuata harufu ya mawe ya moto yaliyomwagiwa maji, ya majani mabichi yaliyolowa. Harufu ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, humo ndani ambamo hata kikombe cha kahawa kilikuwa marufuku.

"Ilpo, unasikia?"

Ilpo alikuwa ameacha kutafuna.

"Ilpo! Nane na tano ni ngapi?"

Alitabasamu kama mtu aliyeulizwa jina lake. Akafungua mdomo. Tabasamu likaganda.

"Nane," alisema polepole. "Nane ni kitu gani, Helka?"

Helka aliisimamisha programu. Ilisimama, lakini namba ziliendelea kuteremka kwenye skrini, mstari chini ya mstari, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Hapo ndipo alipoelewa huyo wa tano anakokotoa kwa kutumia nini: vichwa vyao.

"Inuka. Tunatoka sasa hivi."

Mlango wa chuma ulifunguka kwa namba ya siri. Kando yake palikuwa na kitufe cha dharura, kibovu tangu theluji ilipoyeyuka, na juu yake Ilpo alikuwa amebandika karatasi: *Baada ya Juhannus*. Ndivyo nchi nzima ilivyosema mwezi huo, kuhusu kila kilichoharibika. Simu hazikushika ndani ya mwamba. Wa kuja kuwatafuta alikuwa ziwani, anakusanya kuni za moto wa sikukuu.

Helka aliinua kidole. Namba ya siri ilikuwa siku ya kuzaliwa ya binti yake, na siku ile aliiona yote, mvua kwenye dirisha la wodi, mikono baridi ya mkunga, nywele nyeusi zilizolowa za kichanga kile kilichokataa kulia, lakini pale ilipotakiwa kuwapo tarehe palikuwa na shimo, na kila alipolichungulia lilizidi kupanuka, likameza umri wa mama yake, likameza nyumba anayoishi ni ya ngapi mtaani, mpaka akatazama vitufe vya mlango na kuona michoro tu, vijiti na vikulabu visivyomwambia kitu, na nyuma yake mnong'ono ukaacha kutoka kwenye makabati ukaanza kutoka kinywani mwa Ilpo.

"Usiende," Ilpo alisema katikati ya mnong'ono, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo. "Helka, usiniache humu."

"Nani kasema naenda, mpumbavu wewe?"

Nyumbani kwao, sauna ilipomalizika, hakuna aliyeoga zamu ya mwisho. Mama yake aliacha maji kwenye ndoo na mawe yakiwa bado ya moto, akaufunga mlango taratibu, ili asiyeonekana, mwenye sauna, naye apate nafasi. Na wao wiki nzima walikuwa wamezijaza kompyuta zile hadi pomoni, pasibaki hata kiti kimoja.

Alirudi mbio kwenye kibodi. Aliita amri ile ile, akaitafuta ile alama ya idadi asiyoweza tena kuisoma, akaifuta, akaituma. Programu isipotajiwa idadi humtuma kibarua mmoja tu, mpweke. Nafasi nyingine hubaki tupu.

"Kaa," alinong'ona. "Zamu yako. Sisi tumeshamaliza."

Mnong'ono ulikatika kinywani mwa Ilpo. Ukasikika ndani ya kabati, ukitulia, kama mtu anayejinyosha kwenye benchi lenye joto.

Alimshika Ilpo kwapani, akamburura hadi mlangoni. Namba haikuwa imerudi. Akafumba macho, akaacha kufikiri, akaukabidhi mkono kazi iliyokuwa ikifanya kila asubuhi. Kidole kikashuka, kikaenda pembeni, kikapanda, kikarudi. Mlango ukafunguka.

Nje jua lilikuwa kali na ziwa linameta. Mlango ulijifunga nyuma yao. Ilpo alianguka kwenye nyasi, akalia.

"Marketta," alisema. "Jina lake ninalo."

"Sema tena."

"Marketta. Viazi vitakuwa vimeiva, Helka."

Helka alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha akajaribu kuikumbuka ile tarehe. Shimo. Akajaribu umri wa mama yake. Shimo. Chochote alichonyang'anywa mle ndani hakikutoka naye.

Ndipo, nyuma ya chuma, kitufe cha mlango kilipolia mara moja.

Kimya.

Kikalia cha pili, polepole, kama kinabonyezwa na mtu aliyeijua namba vizuri, ila hajazoea bado kuwa na vidole.