Samaki Wasiokimbia

Saturnino Arzú alikuwa mzamiaji wa kambakoche kijijini Hopkins, Belize. Alizama kwa pumzi yake tu, bila mtungi wa hewa. Mkewe Dativa alibaki botini akimwangalia. Mwamba wao waliupa jina la Jikoni, kwa sababu hawakuwahi kutoka hapo mikono mitupu.

Asubuhi moja ya Agosti, Saturnino alizama Jikoni akashangaa. Hakuna kilichotikisika. Visamaki vya buluu na njano vilivyozoea kumzunguka havikuwepo, hata kimoja. Ilikuwa kama kuingia katika nyumba iliyo wazi na wenyewe wamehama.

Akachungulia chini ya jabali. Samaki wageni walikuwa pale, kumi na mmoja. Miili ina mistari myekundu na myeupe, mapezi yamefunguka kama manyoya. Walining'inia kichwa chini, kimya. Kisha wakageuka taratibu, wote, wakamtazama.

Saturnino alipunga mkono kuwafukuza. Hakuna aliyekimbia. Mmoja akamsogelea.

Alipanda botini mikono mitupu.

"Kambakoche wako wapi?" Dativa aliuliza.

"Turudi nyumbani."

"Umeona papa?"

"Papa ningekwambia."

Siku tatu hakwenda baharini. Jioni ya tatu akasema, "Pale si pa watu tena. Wazee waliotangulia wametukasirikia. Nitaomba kazi kwenye shamba la machungwa."

"Wewe, mume wangu? Kupalilia uani tu unalala siku mbili."

Dativa alicheka, lakini naye usingizi haukumjia. Asubuhi alimwita jirani yao Leonora, mfanyakazi wa hifadhi ya bahari. Leonora alimsikiliza Saturnino mpaka mwisho. Akaenda kwake, akarudi na ndoo. Ndani mlikuwa na samaki wa mistari, amekufa.

"Ni huyu?"

Saturnino alirudi nyuma hatua moja. "Ndiye."

"Anaitwa samaki simba. Usimguse, shemeji. Miiba ya mgongoni na ya tumboni ina sumu, hata akiwa amekufa."

Leonora alivaa glavu nene. Akakata miiba kwa mkasi, kisha akapasua tumbo. Akatoa visamaki, akavipanga mezani kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na vinne. Vingine vilikuwa bado na rangi yao, buluu na njano.

Saturnino alivitambua. Akakaa kitini.

"Mzimu hauna tumbo," Leonora alisema. "Huyu analo, na halijai."

"Mbona hakimbii?"

"Amkimbie nani? Kwao ni bahari za mbali sana. Inaaminika watu waliwafuga kwenye matangi ya vioo, wakawaachia huku. Huku ni wachache mno wanaowala. Na jike hutaga mayai maelfu, tena kila baada ya siku chache. Sisi ndio tunaopaswa kuwapunguza."

Akawapatia kibali cha hifadhi, mkuki mfupi wa kuvutwa kwa mpira, na bomba pana lenye mfuniko. "Mchome ukiwa umemkaribia, usivunje matumbawe. Mtie bombani moja kwa moja, usimshike. Akikuchoma, toka majini. Loweka jeraha kwenye maji ya moto yanayovumilika, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha nenda zahanati. Ukishindwa kupumua vizuri, usingoje maji. Kimbilia zahanati."

Alhamisi walirudi Jikoni. Saturnino alimchoma wa kwanza. Wenzake hawakushtuka. Walibaki wananing'inia, kama wanaosubiri zamu. Hilo lilimtisha kuliko miiba. Aliendelea hata hivyo, pumzi baada ya pumzi. Kwa yule wa tisa bomba liliteleza, na mwiba ukamwingia kidoleni.

Alipanda juu akiguna kwa maumivu. Dativa alikuwa na chupa ya chai imejaa maji ya moto. Akayamimina kwenye bakuli, akayapima kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

"Tia kidole. Usikitoe."

"Kinawaka moto."

"Kiache kiwake. Nani aliyetaka machungwa?"

Maumivu yalipungua. Zahanati walimsafisha jeraha, wakamruhusu kuondoka. Leonora aliwaonyesha kwamba sumu imo kwenye miiba, si kwenye nyama. Dativa alipika mnofu mweupe kwa tui la nazi, pamoja na ndizi za kutwanga. Saturnino aliomba kuongezewa.

Walirudi kila mwezi, na wazamiaji wengine wakaungana nao. Kufikia Machi, visamaki vichanga vilikuwa vimeanza kujificha tena katika matumbawe ya Jikoni. Saturnino alivitazama mpaka pumzi ikakaribia kwisha.

Kisha akatupa macho chini, pale mwamba unapoporomoka gizani, ambako pumzi yake haifiki. Walining'inia huko, mistari yao ikionekana kwa mbali, wamemwelekea.

Alipanda juu, akashika ukingo wa boti.

"Wamekwisha?" Dativa aliuliza.

"Hawatakwisha," alisema. "Ninolee mkuki. Wakipanda, watatukuta."