Poti Zote Wazi

Taa ndogo ya kompyuta iliyokaa chini ya ngazi ilikuwa inapepesa kana kwamba inapokea kitu, ingawa waya wa intaneti ulikuwa umechomolewa.

Mwenye nyumba, fundi wa kompyuta, alidhani ni uchakavu. Akauchomeka tena waya, akampigia dada yake aliyeolewa mbali. Ndani ya kompyuta ile zilihifadhiwa sauti za marehemu mama yao: mama akiimba, mama akihesabu mishono ya sweta, mama akicheka. Kwingine hazikuwepo. Dada alitaka kuzisikiliza akiwa kwake, na ukurasa wa rekodi hizo ulikuwa ukimgomea tangu juzi.

"Bado, kaka. Inazunguka tu."

"Hapa nyumbani inafunguka. Tatizo ni poti, zile njia za kupokea watu wa nje."

"Na watu wanakuita fundi."

"Wateja ndio wanaoniita. Ndugu mnalalamika."

Alijaribu poti moja, akajaribu nyingine. Kampuni ya intaneti ilikuwa imezifunga. Basi akafanya wanachofanya mafundi wakichoka: akazima ulinzi, akafungua poti zote kwa mpigo, ajue ipi haijafungwa. Ni kwa muda mfupi tu, alijiambia.

"Ehee, imefunguka," dada alisema. Kisha akauliza, "Kaka, hii ya mama kuniita jina langu uliirekodi lini?"

"Hakuna ya kukuita jina."

Harufu ya udongo uliochimbuliwa ikapanda kutoka chini ya ngazi. Fundi alikata simu, akafunga poti zote, akachomoa waya, na taa ikaendelea kupepesa. Akafungua rekodi ya wimbo akakuta mama haimbi, akafungua ya mishono akakuta mama hahesabu, anapumua tu, pumzi nzito ya mtu aliyesimama karibu sana, na kila alipopunguza sauti pumzi ile ilibaki vilevile, hata alipozima spika, mpaka akatambua kwamba inatoka kwenye giza la nyuma ya kompyuta.

Akamwita shangazi yao, mganga, naye akafika jua lingali juu. Alisimama mlangoni, akanusa, hakuingia haraka.

"Huyo si mama yako, mwanangu," alinong'ona. "Ameivaa sauti yake tu. Ifute, akose pa kukaa."

"Shangazi, hatuna nyingine."

"Najua. Naye alikuwa wifi yangu."

Fundi alifuta huku machozi yakimtoka, na shangazi akisoma maneno yake ya kiganga polepole nyuma yake. Rekodi ya mwisho ilipotoweka, taa ilizimika. Harufu ikaisha. Fundi akaketi kwenye ngazi, akampigia dada.

"Nisamehe, dada. Nimefuta sauti zote za mama."

"Usilie, kaka. Mimi nilizipakua zote kwenye simu palepale zilipofunguka. Mwanangu yuko chumbani anamsikiliza bibi yake. Nawasikia wanavyocheka."

"Mnyang'anye simu. Sasa hivi, dada."

"Simu ipi tena? Nyumba hii ina simu moja, na ndiyo hii ninayoongea nawe."