Fagio Likomee kwenye Uzio

Majirani walimwita Mama Fagio, naye hakuona vibaya. Kila asubuhi alifagia chumba, kibaraza, kisha uwanja mzima mpaka kwenye uzio wa nyuma. Ng'ambo ya uzio ulianza msitu. Ulikuwa msitu mdogo. Ukiondoka asubuhi, kabla ya saa sita umeshauzunguka wote.

Mumewe alikuwa fundi viatu. Alikaa kibarazani, nyundo mkononi, misumari midogo ameibana kwa midomo. Lakini ndege mmoja wa kahawia, mwenye koo jeupe, akianza kuimba msituni, fundi aliitema misumari kiganjani na kumjibu kwa mluzi. Ndege akaimba, fundi akajibu. Viatu vya watu vikangoja.

"Mke mwenzangu ameamka," Mama Fagio alikuwa akisema.

"Usimwonee wivu. Yeye hanigombezi."

Basi Mama Fagio akaona amtendee wema mke mwenzake. Akavuka uzio na fagio lake. Akafagia chini ya miti, akafyeka vichaka, majani makavu akayachoma moto. Pakang'aa! Kila siku akamwachia na wali kidogo.

Haukupita muda, ndege akanyamaza. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Sasa misumari haikumtoka fundi mdomoni tangu asubuhi hadi jioni. Mama Fagio aliliona hilo, na moyo ulimuuma.

Siku moja akaja bibi misitu, yule mama anayelinda msitu. Alileta buti lake lililoachia soli. Alipotupa jicho nyuma ya nyumba, akashtuka.

"Nani amefagia kule?"

"Mimi," Mama Fagio alisema kwa fahari. "Nilimsafishia ndege wetu, yule mwenye koo jeupe. Lakini hana shukrani, amehama!"

Bibi misitu akavuta kigoda, akaketi. "Amehamia wapi, mama? Ndege wale hawapo popote duniani ila kwenye msitu huu. Tulipowahesabu mwaka jana, hawakufika mia. Hana pengine pa kwenda."

Mama Fagio akaliweka fagio chini. "Kwani nimemkosea nini? Hata wali nampa."

"Hali wali. Anakula wadudu, na wadudu wanakaa chini ya majani makavu. Anayapekua kwa mdomo, kama wewe unavyochagua mchele. Kiota anajenga chini chini, ndani ya vichaka. Ukifagia, umemwondolea chakula. Ukifyeka, umembomolea nyumba."

"Yaani ule uchafu wote..."

"Ndiyo jiko lake."

Machozi yakamlenga Mama Fagio. "Masikini mimi, nimemfukuza kwa mkono wangu! Sasa nifanye nini?"

"Fagio likomee kwenye uzio. Usifyeke, usichome. Vichaka vitaota vyenyewe. Huenda bado yuko ndani kule, anatafuta riziki."

Tangu siku ile, majani yaliyodondoka uwanjani Mama Fagio aliyakusanya kwenye gunia, akayamwaga chini ya miti.

"Makubwa! Mama Fagio leo anamwaga taka!" jirani alimcheka.

"Si taka, ni mboga za watu," alimjibu.

Haikuwa rahisi. Kila alipotazama kule, mkono ulimwasha. Aliuzuia. Mvua zikanyesha, majani yakalowa, vichaka vikachipua mpaka kiunoni.

Asubuhi moja alikuwa akifagia uwanja. Akasikia sauti. Akasimama, hata pumzi akaibana.

Kibarazani nyundo ilinyamaza. Fundi akaitema misumari kiganjani, akapiga mluzi. Ukatoka mkavu. Akalamba midomo, akajaribu tena. Ndege akajibu.

"Mke wangu!" fundi aliita. "Mwenzako karudi!"

Mama Fagio alicheka huku akifuta macho. Papo hapo jani moja kavu likaanguka miguuni pake, katikati ya uwanja aliokwisha kuufagia. Akaliokota, akalirusha ng'ambo ya uzio.

"Shika, mke mwenzangu," alisema. "Hili lako."