Tangazo la Saba

Asubuhi ile Antoine alipokea matangazo sita, na saa sita mchana redio ikasoma saba.

Hakushtuka. Mtu aliyesoma shida za wenzake kwa miaka ishirini na mbili hashtushwi na jambo dogo kama hilo. Anadhani amesahau, anajilaumu kidogo, anaendelea. Mbuzi aliyepotea, maziko, mkutano wa wazazi, kikao cha wakulima, ufunguo uliookotwa sokoni, maziko mengine. Hayo sita aliyakumbuka. La saba lilisema kwamba Bwana Muzaliwa, mbeba mafuta ya mawese kwa baiskeli, anatafutwa Kabambare na jamaa yake, aje bila kukawia, na mwenye kusikia amjulishe.

Redio Tujulishane ilikuwa chumba na nusu nyuma ya soko la Kasongo. Kila tangazo lilisomwa mara mbili, maana wenyeji wanasema tangazo lililosomwa mara moja halijasomwa. Asubuhi Antoine aliyaandika kwenye kompyuta na kurekodi sauti yake. Saa sita kompyuta iliicheza ile sauti, ndiyo mara ya kwanza. Kisha yeye mwenyewe alifungua maikrofoni na kuyasoma tena kutoka kwenye kioo. Mawimbi yalifika vilimani, mabondeni hayakufika, basi waliosikia waliwapelekea wasiosikia: wenye pikipiki, wauza mihogo, watu waliotoka msikitini na kanisani. Hakuna aliyelipwa kwa kazi hiyo na hakuna aliyeikataa. Kumficha mtu habari yake ni aibu kubwa huko.

La saba lilikuwa kwenye kioo pamoja na mengine. Antoine akalisoma mara ya pili, akazima maikrofoni, akaenda kulala.

Kulala ndiko alikokuwa anakutamani siku hizo kuliko chakula. Mke wake alikuwa amefariki, nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na pumzi ya mtu mmoja. Alikuwa amebaki na Nadine, bintiye wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi Wamaza. Kila Jumamosi Nadine alipanda kilima chenye mtandao akampigia baba yake, na kila Jumamosi alisema lile lile: shule ikifungwa nitahamia Kasongo, na weye utaacha kazi. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Antoine alizihesabu kila alipoamka, na kusema kweli hakuwa na jambo jingine la kumwamsha.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na siku mbili tu tangu kutoka kwa fundi. Radi ilikuwa imepiga karibu, ikazimika, na Dady, fundi wa simu na kompyuta pale sokoni, akaifungua na kuinusa.

"Papa Antoine, carte mère imekufa. Ile kadi kubwa, yenye inashika vyote. Ingine yote iko muzima. Diski iko muzima, boksi iko muzima, hata feni inazunguka."

"Basi tafuta kadi ya mupya."

"Ya mupya haitakubali hizi memwari za zamani. Itaomba memwari mupya, kisha kitu ingine mupya, mwisho utabakia na boksi tu. Tutafute muzee mwenzake."

Mzee mwenzake alipatikana Kabambare, katika redio iliyofungwa zamani, ambayo nyumba yake iliachwa wazi na kompyuta juu ya meza. Dady alirudi kwa pikipiki siku ya tatu, matope mpaka kiunoni, kadi ameifunga ndani ya shati. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

"Nilipiga hodi mara tatu, hakuna mutu," alisema. Kisha akaongeza, kama mtu anayejitania: "Nilipotoka, niliskia wa kunijibu. Ni popo, nafikiri."

Ikafungwa ile kadi ya Kabambare katikati ya vyombo vya zamani vya Kasongo, na mashine ikawaka mara moja. Ilipopata joto tu, chumba kilinuka nyumba iliyofungwa miaka: udongo mbichi, mavi ya popo, nguo za marehemu. Antoine alifungua dirisha. Harufu haikutoka.

Siku mbili baada ya Muzaliwa, redio iliita mtu mwingine. Safari hii ni Mama Kahindo, muuza vitenge, aliyekuja kutoka mashariki kufuata biashara ya wachimba dhahabu. Anatafutwa Kabambare na jamaa yake, aje bila kukawia. Antoine alilisoma mara ya pili huku macho yake yakifumbika. Ni baada ya kuzima maikrofoni ndipo alipojiuliza: Mama Kahindo, mtu wa mbali, ana jamaa gani Kabambare?

Jibu lilikuja siku ya sita, mdomoni mwa Mama Marguerite, mkurugenzi wa redio, aliyeingia na kurudisha mlango polepole.

"Antoine, Muzaliwa amekufa. Na ule mama wa vitenge naye amekufa."

"Bamekufa kwa njia?"

"Hapana kwa njia. Bamefika. Muzaliwa alifika Kabambare, akauliza jamaa yake, hakuna mwenye anamujua. Kisha bakaona baiskeli yake ku mulango ya ile redio yenye balifunga. Alikuwa ndani, ameikala chini, uso ku ukuta. Hana kidonda. Mama Kahindo naye ni vile vile, pembeni yake. Banasema balikuwa kama batu benye kusikiliza kitu." Akamtazama. "Nani alikuletea hayo matangazo?"

Antoine aliwasha spika, akatafuta rekodi ya Muzaliwa, akaicheza, na wote wawili wakasikia sauti ya Antoine ikisema maneno ambayo Antoine hakuyarekodi, sauti yake hasa, na kile kikohozi kidogo anachokohoa kabla ya jina la mtu, ila sauti hii haikuwa na uchovu hata chembe, ilikuwa sauti ya miaka ishirini iliyopita, ile ambayo mke wake aliipenda kabla hajamjua mwenye sauti, na nyuma yake, kama mtu akisogeza sikio karibu, ilisikika pumzi ya kitu kilichokuwa kinasubiri sauti imalize. Mama Marguerite alijishika kifua. Antoine naye aliogopa, lakini chini ya hofu aliona wivu, na wivu ule ukamtia haya.

Walimwita Bibi Chadia, mganga wa mtaa wa Waislamu, mwanamke mfupi mwenye haraka, ambaye hata Wakristo walimwendea kwa mlango wa nyuma. Alikuja saa nne asubuhi na chetezo cha ubani. Hakuuliza mambo mengi. Alikaribia mashine, akanusa, akasema kwa sauti ya chini:

"Kuko mukaaji humu. Alizoea kuishi na batu. Ile redio ilipofungwa, batu bakamuacha, sasa anaita benye kumusikiliza."

"Tuzime tu, Bibi?" Mama Marguerite alinong'ona.

"Ngoja nimuulize jina."

Alianza kusoma Kurani, taratibu, moshi ukipanda, na mara spika zikawaka zenyewe, zikakohoa kile kikohozi kidogo, na sauti ya Antoine, safi, yenye heshima zote, ikasema kwamba Bibi Chadia, mganga, mkaaji wa Kasongo, anatafutwa Kabambare na jamaa yake, aje bila kukawia, na mwenye kusikia amjulishe, na Antoine, ambaye kwa miaka ishirini na mbili hakuwahi kuliacha tangazo likining'inia baada ya kusomwa mara moja, aliona ulimi wake mwenyewe ukijikusanya na midomo yake ikifunguka kusema "Bibi", na angesema, kama mganga asingemrukia na kumziba mdomo kwa kiganja kilichonuka ubani.

"Usirudilie!" alisema. "Nyamaza! Jini anaita mara moja tu. Mara ya pili lazima mutu muzima, mwenye pumuzi, aite, ndiyo mwito unashika. Ni weye ulikuwa unamumalizia kazi, Papa. Unaelewa? Ni weye."

Antoine alielewa. Alikaa chini palepale sakafuni, mtu mzima, akalia kwa ajili ya Muzaliwa na Mama Kahindo, na wanawake wale wawili wakamwacha alie.

Dady aliitwa. Akailegeza ile kadi, Bibi Chadia akaipokea kwa kitambaa cheupe, akaifunga na chumvi, wakaizika nje ya mji, kando ya barabara ya Kabambare. Walipoishindilia udongo, harufu ya popo ikakatika ghafla kama mlango umefungwa. Dady alicheka kwa kufarijika. Bibi Chadia hakucheka.

"Imetoka mu mashine," alimwambia Antoine. "Lakini imetembea na sauti yako siku nyingi, na weye ulikuwa umechoka, hukuilinda. Pumuzika siku saba. Usiseme ku redio siku saba, hata jambo moja."

Antoine alipumzika siku mbili. Siku ya tatu Mama Marguerite alisimama mlangoni kwake na daftari, macho chini.

"Najua," alisema. "Lakini kuko maziko mbili. Jamaa ziko bondeni, hazijue. Bazikwe bila hizo jamaa? Miye nilijaribu kusoma, batu benyewe banasema habamini mupaka basikie weye. Leo tu, Antoine. Mashine haiko tena. Kuko maikrofoni na karatasi."

Alipaswa kukataa. Lakini kukataa nako kunataka nguvu, naye hakuwa nazo; ilikuwa rahisi zaidi kuvaa viatu.

Daftarini mlikuwa na matangazo sita. Kwa kuwa kompyuta haikuwapo, angeyasoma yeye mwenyewe yote mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Akafungua maikrofoni. Maziko ya kwanza, maziko ya pili, chanjo ya kuku, kikao cha wazazi. Macho yalisoma, mdomo ukasema, na akili yake ikawa nyumbani, kitandani, ikihesabu wiki tatu na siku kadhaa. Sauti ilitoka vizuri siku hiyo. Haikukwama, haikukwaruza koo. Alijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo baada ya mlima, na alitamani sauti ile isiishe, akaiacha iendelee yenyewe, baiskeli iliyopotea, mkutano wa kwaya, na kikohozi kidogo, na Mwalimu Nadine, binti wa Antoine, mkaaji wa Wamaza, anatafutwa Kabambare na jamaa yake, aje bila kukawia, na mwenye kusikia amjulishe.

Alitazama daftari. Mistari sita.

Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili na kuigonga maikrofoni kwa kiwiko mpaka ikazimika. Mara moja, alijiambia. Nimesoma mara moja tu, na sitasoma mara ya pili, nife hapa hapa, sitasoma. Jasho lilimtiririka. Chumba kilikuwa kimya, na ukimya ule ulimtuliza kwa muda wa pumzi kama tatu hivi, ndipo akasikia, nyuma ya ukuta, soko.

"Muliskia? Binti ya Papa Antoine anatafutwa Kabambare!"

"Nani? Nadine?"

"Nadine, ule mwalimu. Anatafutwa Kabambare, akuye mbio!"

Alitoka mbio, akaangusha kiti. Mama wa mihogo alikuwa anamwambia wa samaki, wa samaki anamwita mshona nguo, jina la mtoto wake likipita kutoka mdomo hadi mdomo, midomo mizima, yenye pumzi, ya watu wema, na kila mmoja akalisema wazi ili lisipotee njiani.

"Hapana!" alipiga kelele. "Acheni! Si kweli!" Lakini koo lilikuwa limerudi kuwa lile lake, limekauka, na kelele ile ilitoka kama kukohoa.

Pitchou, mwendesha pikipiki, alimshika bega kwa upendo. "Papa, usijali. Nimekwisha kupigia mwenzangu wa Wamaza, nimemupata ku kilima. Yeye mwenyewe atamubeba mupaka Kabambare, hatalipa kitu."

Antoine alimpigia Nadine tena na tena bila kumpata, na baada ya saa nzima simu yake ililia. Haikuwa Jumamosi.

"Papa," alisema Nadine, akihema kwa kupanda kilima. "Bamenambia. Kuko nini? Pikipiki inaningojea chini."

"Nadine, rudia ku nyumba. Usiende. Si miye nilikuita."

Upepo ulivuma upande wa pili.

"Papa, uko na nani hapo? Nasikia sauti mbili, zote ni yako. Moja inasema nirudie, ingine inasema nikuye Kabambare. Ni gani ni weye?"

Antoine alivuta pumzi amjibu. Pumzi ile ilikuwa nzito, ilichelewa, na kabla haijamfikia kooni sauti ikatoka, changa, safi, yenye upole wa baba.

"Ni miye, mama. Kuya."

"Nakuya, Papa," alisema Nadine, na mtandao ukakatika.

Watu wa soko walimwona amesimama katikati ya njia, simu sikioni, kiganja kimeziba mdomo, na chini ya kiganja midomo yake bado inatembea. Walidhani anaomba Mungu. Wakanyamaza, wakasogea karibu kumsikiliza.