Waya wa Mwisho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Domisiana alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia uwanja na kumwashia baba yake redio. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda. Redio yao ilikuwa ndogo, ya betri mbili, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mbu. Lakini Domisiana alikuwa ameokota spika ya redio iliyokufa, akaifunga kwenye mdomo wa chungu kilichomeguka ukingo, kisha akavuta waya mpaka kwenye tundu la hedifoni la redio yao. Tangu siku hiyo taarifa ya habari ilitoka chunguni kwa sauti nene, na majirani waliisikiliza wakiwa huko huko migombani.

"Fundi wangu huyo," baba yake, mzee Venance, alimwambia kila aliyepita. "Mimi redio najua kuizima tu!"

Muda si muda, nusu ya watoto wa kijiji chao cha Kasulo walikuwa na spika za chungu, na wote walikuwa wamefundishwa na Domisiana. Somo lake lilikuwa fupi: ukitaka sauti, chomeka kwenye tundu la hedifoni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, yuko darasa la sita, na tayari watu wazima walimwita fundi. Kichwa kilianza kuvimba kidogo. Nani asingevimba?

Mwaka huo wakimbizi wa kambi ya Lukole walikuwa wakirejea kwao Burundi. Kila wiki malori yaliondoka yamejaa watu, magodoro na masufuria. Shirika moja lililofunga ofisi yake kambini liliiachia shule ya akina Domisiana zawadi: deki ya kaseti, amplifaya yenye tundu la hedifoni mbele na vishikio vya nyaya za spika nyuma, spika mbili, hedifoni moja, na sabufa, lile sanduku kubwa jeusi la kutoa sauti nzito za muziki. Mwalimu Francisca, mlezi wa klabu ya redio, alimwita Domisiana siku hiyo hiyo.

"Jumamosi tunawaaga wenzetu wa Lukole hapa shuleni," alisema. "Mzee Gidioni na wenzake hawataweza kutupigia ngoma. Ngoma zao zimeshatangulia Burundi na lori la wiki iliyopita. Lakini mwaka jana niliwarekodi kwenye kaseti. Nataka mzee aisikie ngoma yake kwa mara ya mwisho hapa Kasulo, isikike kama ngoma, siyo kama mtu anayegonga debe. Utaweza kufunga vyombo hivi?"

"Nitaweza, Mwalimu," alijibu Domisiana. Hakufikiri hata kidogo.

Mzee Gidioni alikuwa babu wa Iradukunda, rafiki mkubwa wa Domisiana. Wasichana hao walikutana sokoni, kando ya kambi, miaka miwili nyuma. Domisiana alisema Kihangaza, lugha ya kwao, Iradukunda Kirundi, nao walielewana bila shida na kucheka kwa maneno machache yaliyowatofautisha. Familia ya Iradukunda ilikuwa imeandikwa kwenye lori la Jumanne iliyofuata.

Jumatano mchana, Iradukunda alikuja shuleni na kibali chake cha kutoka kambini ili amsaidie rafiki yake. Jenereta la shule liliwashwa. Domisiana alifunga nyaya za spika mbili nyuma ya amplifaya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Walipobonyeza deki, kaseti ya kwaya ya parokia waliyoiweka kwa majaribio ilisikika darasa zima, nao wakarukaruka kwa furaha.

"Sasa sabufa," alisema Domisiana.

Iradukunda aliinama nyuma ya lile sanduku. "Dada, huku kuna mchoro. Tusiuangalie kwanza?"

"Mchoro wa nini? Mimi nimefunga spika ngapi hapa Kasulo? Hebu nishikie waya. Haya, chomeka pale mbele, kwenye tundu la hedifoni."

Iradukunda alichomeka. Papo hapo spika mbili zilinyamaza. Sabufa ikabaki ikinguruma peke yake, ngurumo tupu isiyo na wimbo wala maneno. Domisiana alizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, na ngurumo ikazidi hadi madirisha yakatetemeka. Akazima kila kitu.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa mzee Pancras, mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu wa haraka kwa miguu na kwa maneno.

"Shikamoo, mzee," walisema wasichana.

"Marahaba. Kelele gani ile? Muziki umekwenda wapi?" Aliwasha mwenyewe, akasikia ile ngurumo, akazima. "Mmeiua! Haijamaliza hata wiki, mmeiua! Nani ameharibu?"

Domisiana alifikiria jina lake la fundi. Alimfikiria baba yake akiwasimulia wapita njia.

"Waya wa mwisho aliushika Iradukunda," alisema.

Ilikuwa kweli, na ulikuwa uongo mbaya kabisa.

Mzee Pancras alimgeukia Iradukunda. "Ndiyo, nilijua! Vitu vya shule vinachezewa na watu wanaoondoka wiki ijayo, sisi tubaki na hasara. Mtoto, rudi kambini."

Iradukunda alimtazama rafiki yake, akakunja kibali chake taratibu, akatoka.

Domisiana alibaki peke yake na vyombo vyake. Alikaa chini, akalia. Baadaye alijifuta uso, akavaa hedifoni ili angalau ajue kama amplifaya ilikuwa imekufa kweli. Akachomoa waya wa sabufa, akachomeka hedifoni, akawasha. Kwaya ilimwimbia masikioni, safi kabisa! Akaichomoa hedifoni ili aitazame vizuri, na spika mbili zikalipuka kwa wimbo hata akashtuka. Akachomeka tena: kimya. Akachomoa: wimbo.

Hapo akaelewa. Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Amplifaya ile ilitengenezwa hivyo: mtu akichomeka hedifoni, spika zinanyamaza asiwasumbue wengine. Redio yao ya nyumbani pia ilinyamaza ndani ukichomeka chungu, ila chungu kilikuwa kikisema kila kitu, basi hakuna aliyejali. Sabufa haisemi kila kitu. Sabufa inatoa sauti nzito tu, na inahitaji spika za kawaida kando yake.

Akainama nyuma ya sanduku na kuutazama mchoro alioudharau. Ulikuwa na mishale myepesi hata kwa mtoto wa darasa la pili: nyaya za spika zitoke nyuma ya amplifaya, ziingie kwenye sabufa, kisha zitoke kwenye sabufa kwenda kwenye spika mbili. Ilimchukua nusu saa kufunga na kujaribu. Sauti iliyotoka ilikuwa nene na tamu, na kila neno lilisikika.

Mwalimu Francisca alikuja mbio. "Domisiana! Umeitengeneza! Mzee Pancras ameniambia kwamba yule binti wa kambini aliiharibu."

Lilikuwa jambo rahisi kunyamaza. Kila mtu angefurahi, yeye angekuwa fundi mara mbili, na Jumanne Iradukunda angepanda lori na kwenda zake. Lakini roho ilimsuta. Iradukunda angevuka mpaka akiwa na jina la mharibifu, jina alilopewa na rafiki yake.

"Mwalimu, haikuharibika," alisema. "Na kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemwambia achomeke pale. Yeye alitaka tuangalie mchoro." Akaeleza yote, macho chini.

"Umeniambia mimi," alisema Mwalimu. "Ni vizuri. Lakini aliyetukanwa siyo mimi."

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Wenyeji walikaa na wakimbizi bega kwa bega. Mzee Gidioni alikuwa mbele, katika koti lake la kijivu, ameegemea fimbo. Iradukunda alikaa nyuma kabisa, na kila Domisiana alipomtafuta kwa macho, alikuta ameangalia pembeni.

Vyombo vilikuwa mezani, sabufa chini kando ya meza. Mwalimu alimpa Domisiana ishara. Badala ya kubonyeza deki, Domisiana alisimama mbele ya watu wote.

"Shikamooni wazee. Jumatano nilifunga sabufa vibaya kwa sababu nilijiona najua. Mzee Pancras alipouliza, nilimsingizia Iradukunda. Yeye hana kosa lolote. Iradukunda, nisamehe." Akainua waya mwekundu. "Nimefunga nyaya zote isipokuwa mmoja. Amplifaya imezimwa. Njoo, waya wa mwisho ushike wewe."

Domisiana alimwona baba yake katikati ya watu, akatamani ardhi impasukie. Iradukunda alisimama. Alipita kati ya watu bila haraka, akainama nyuma ya sabufa, akautazama mchoro kwanza, kisha akafunga waya mwekundu mahali pake. Alipoinuka alikuwa anatabasamu.

"Hapa sasa ni sawa, fundi," alisema.

Domisiana aliwasha, akapandisha sauti pole pole. Ngoma ya kwanza ilipopigwa, watu waliisikia kifuani na miguuni. Watoto wakapiga kelele. Ngoma zote zikaingia, kubwa na ndogo, na juu yake sauti ya mzee Gidioni mwenyewe ikiongoza. Mzee akainuka, akaitupa fimbo chini, akanyoosha mikono kama ameshika vijiti vya ngoma, mgongo umenyooka kama wa kijana. "Ni jewe!" alipaza sauti kwa Kirundi. "Ni mimi huyo!" Machozi yalimtiririka, na hakujisumbua kuyafuta.

Kaseti ilipoisha, mzee Pancras alijikohoza. Alimwendea Iradukunda mbele ya watu wote. "Mwanangu, nilihukumu kabla ya kuuliza. Uniwie radhi."

Mzee Venance naye alifika mezani. Domisiana aliinamisha kichwa. "Baba, utawaambia nini wapita njia sasa?"

"Nitawaambia kwamba nina fundi," alijibu baba yake. "Zamani nilijivunia mikono yako. Leo najivunia na mdomo wako."

Mwalimu Francisca aliwashika mabega wasichana wote wawili. "Wanangu, kukosea wakati wa kujifunza si aibu, kila fundi amekosea. Aibu ni kumtwisha mwenzako kosa lako. Anayesema kweli na kurekebisha alichokosea, huyo ana haki ya kujivuna. Na mkipewa chombo kipya, angalieni mchoro."

Watu walicheka. Mzee Gidioni, aliyekuwa ameshaokota fimbo yake, alinyoosha kidole kwenye deki.

"Rudisheni mwanzo," alisema. "Jumanne bado."

Iradukunda akairudisha kaseti mwanzo, na Domisiana akapandisha sauti.