Askari Wawili, Jiwe Moja

Kwaruu, kwaruu, kwaruu.

Watu wanaoishi chini ya kilima waliijua sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya brashi ya waya juu ya jiwe. Wateja wa saluni wakiisikia, walimwambia msusi, "Baba yako huyo, kashaanza." Msusi alicheka kidogo, akaendelea kusuka. Lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni tu.

Baba yake alikuwa mlinzi wa kilima. Watu walimbandika jina la Mzee Msasa. Kitu chochote kikipita mikononi mwake kilisuguliwa mpaka kikaomba msamaha. Masufuria yake yalikuwa mepesi kama karatasi. Kola za mashati yake zilikwisha kabla ya mashati.

Kilima hicho kilikuwa na habari yake. Zamani kulikuwa na vita. Nchi mbili zilishikana zikapigana upande mmoja, na askari wao waliishi hapo pamoja. Walichimba mahandaki, yale mashimo marefu ya kujificha risasi. Walijenga chumba cha redio. Walijenga pia chumba kidogo cha kutibia majeruhi. Vita vilipokwisha, waliokufa walibaki hapo makaburini.

Kazi ya Mzee Msasa ilikuwa kuwatembeza wageni. Aliwaanzisha kwenye handaki, akawaambia wainamishe vichwa. Halafu aliwaingiza chumba cha redio, penye ukuta ulioandikwa kwa rangi nyeusi. Askari wa nchi hizi mbili hawakuwa na lugha moja. Basi waliandika maneno ukutani, kwa lugha zote mbili, wapate kufundishana. Maji. Moto. Njoo. Lala chini. Rafiki.

"Mtu ukiwa vitani," mzee aliwaambia wageni, "maneno hayo yanatosha. Usiguse ukuta, mama. Mikono ina mafuta. Tazama kwa macho."

Mwisho wa matembezi ulikuwa kwenye kaburi moja la pembeni. Hapo walilala askari wawili, mmoja wa nchi hii na mmoja wa nchi ile. Handaki liliwaporomokea wakiwa wote ndani. Wenzao waliwakuta wameshikana, wakaona haya kuwatenganisha. Waliwazika pamoja, wakawachongea majina kwa tindo kwenye jiwe moja. Herufi zilikwenda upande upande, maana waliochonga hawakuwa mafundi. Walikuwa vijana wenye huzuni.

Jiwe hilo mzee alilipenda kuliko yote. Na lililopendwa ndilo lililosuguliwa.

Zamani hakuwa akisugua hivyo. Zamani mke wake alikaa getini akikata tiketi, na mzee akianza kurefusha hadithi, sauti ya mama ilitoka getini: "We! Wageni wana njaa!" Wageni walicheka. Mzee naye alicheka, akafupisha. Mwaka jana mama aliugua, akafa. Geti likawa kimya. Wageni nao wakapungua. Siku nyingine jua lilichomoza na kuzama bila mtu kupanda kilima.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Binti yake alitoka asubuhi kwenda saluni. Mzee alibaki na viti. Kila kiti kilimwangalia. Basi alishika ndoo na brashi yake ya waya, akapanda kilimani. Akisugua, mikono ilichoka. Mikono ikichoka, kichwa kilinyamaza. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yake, na kila siku aliinywa.

Siku moja simu ya ofisi ya makumbusho ililia.

"Mzee wetu, jiandae. Kesho kutwa kuna mgeni kutoka nchi ile ya pili. Ni mtoto wa askari. Yule wa kaburi la wawili."

"Mtoto wake wa kumzaa?"

"Wa kumzaa. Sasa ni bibi mzee. Baba yake alikwenda vitani yeye akiwa tumboni. Hawajaonana hata kwa picha. Anataka kuona jina la baba yake lilivyochongwa."

Mzee Msasa aliruka kama kijana. Mtoto wa askari! Siku hiyo jiwe lingeng'aa mpaka liumize macho. Alikwenda dukani akanunua dawa kali ya kung'arishia vigae vya choo. Aliimimina juu ya jiwe. Povu likapanda, likafoka shhh. "Naam," mzee alisema, "uchafu unatoka." Akasugua kwa brashi ya waya mpaka jasho likamwingia machoni. Kisha akamwaga maji.

Jiwe lilikuwa jeupe pe. Na majina hayakuonekana.

Mzee aliinama. Akapitisha kidole. Unga wa jiwe ulimbaki mkononi. Herufi zilizokuwa zikimwangalia miaka yote zilikuwa zimelala, laini kama sabuni iliyotumika. Akakaa chini palepale kwenye matope.

Msusi alimkuta hapo jioni. Alikuwa amesikia brashi ikinyamaza ghafla, na kunyamaza huko kulimtia wasiwasi.

"Baba, vipi? Umeanguka?"

"Nimeua mtu, mwanangu."

"Umeua nani?"

"Wawili. Tazama."

Msusi alitazama jiwe, akashika mdomo. Halafu akaona tindo na nyundo kando ya ndoo.

"Na hivi ni vya nini?"

"Asubuhi nitachonga upya. Majina nayajua. Nitachonga kwa kina, vizuri, kwa mstari ulionyooka. Bibi hatajua."

"Baba! Utamdanganya mtu mzima, kaja kutoka huko kote?"

"Nifanyeje sasa? Nimwonyeshe kitu gani? Kigae cha choo?"

"Mimi nilikwambia. Kila siku kwaruu kwaruu! Jiwe gani hilo halichoki?" Sauti ya msusi ilipanda, ikakatika. "Hapa unakuja kila siku, Baba. Kwa mama hujakanyaga tangu tumzike. Nakwenda peke yangu. Nasimama pale peke yangu kama mtoto wa kuokotwa."

Mzee alikusanya vyombo vyake, akashuka kilima, binti yake nyuma. Nyumbani kila mtu alikula upande wake.

Asubuhi, mzee alipanda na tindo yake. Alikuwa ameshapiga magoti mbele ya jiwe aliposikia sauti ya mwanamke.

"Mzee wangu, shikamoo. Weka hiyo tindo chini, tafadhali."

Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa kofia na viatu vya matope. Nyuma yake alisimama msusi.

"Nimewapigia ofisini," msusi alisema. "Nikasema baba ana shida. Wamemleta fundi wa mawe."

"Umenishtaki?"

"Nimekuombea msaada. Kuna tofauti."

Fundi alichuchumaa karibu na mzee. Hakugombeza. Aligusa jiwe kwa ncha ya kidole, akatazama unga uliobaki.

"Umetumia nini?"

"Dawa ya vigae. Na hii." Mzee alimwonyesha brashi ya waya, uso umemshuka.

"Pole. Wengi hufanya hivyo, na wote hufanya kwa mapenzi. Lakini jiwe lina ngozi, mzee wangu. Nje ni gumu, ndani ni laini. Brashi ya waya inachuna ngozi. Dawa kali inakula na nyama. Ukiendelea, hata mvua itakuja kuokota yaliyobaki."

"Basi nichonge upya."

"Ukichonga, yatakuwa majina yako. Haya yalichongwa na wenzao, walioshika miili yao. Mkono wao uko humu. Huo hatuna duka la kuununua." Fundi aliinuka, akatazama jua. "Kwanza tujue kilichobaki. Tunahitaji kioo. Kikubwa."

"Saluni kipo," msusi alisema, akaondoka mbio.

Alirudi amekibeba kioo kifuani, wateja wawili wakimcheka kwa mbali, mmoja nywele zimesukwa nusu. Fundi alimsimamisha pembeni kabisa mwa jiwe, mbali kidogo.

"Shika hapo. Kamata mwanga wa jua. Sasa ulaze juu ya jiwe, uje kwa ubavu. Usimulike usoni. Ubavuni, hivyo hivyo. Taratibu."

Mwanga uliteleza juu ya jiwe. Mwanzoni hakikuonekana kitu. Msusi aligeuza kioo kidogo tu, na vivuli vidogo vikaamka. Kijiti. Duara. Herufi iliyokwenda upande. Halafu jina zima, na chini yake jina la pili.

"Wapo!" mzee alipiga kelele. "Jamani, wapo!"

Machozi yalimtoka wazi wazi, na hakujali nani anamwona.

"Wapo kwa shida," fundi alisema. "Kilichotoka hakirudi, nisikudanganye. Lakini tukikomea hapa, watakaa miaka mingi."

Kisha alimfundisha, kwenye jiwe jingine lililokuwa zima, maana lile la wawili lilihitaji kupumzika.

"Pitisha kiganja kwanza. Ukiona unga, au ganda linabanduka, acha, tupigie simu. Likiwa imara, lowesha kwa maji safi. Maji matupu. Sabuni hapana, dawa hapana. Chukua brashi laini, kama ya kumwogeshea mtoto. Anza chini, panda juu. Ukianza juu, maji machafu yatachora michirizi chini."

"Na kuvu hii ya kijani?"

"Iloweshe, isubiri, itoe kwa kijiti cha mti. Usitumie kisu. Na herufi usizipake rangi wala chaki ili zisomeke. Kusoma ni kazi ya kioo."

"Nioshe kila wiki?"

"Mara moja kwa mwaka inatosha. Mawe mengine hata hiyo hayahitaji."

Mzee alishtuka. "Mara moja? Na siku nyingine zote nifanye nini?"

Fundi alidhani ni utani, akacheka. Msusi hakucheka. Alimtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza alielewa zile kwaruu kwaruu zilikuwa za nini.

Kesho yake mgeni alifika. Alikuwa bibi mfupi, mwenye fimbo, pamoja na mkalimani wake. Mzee Msasa alimtembeza. Alimpitisha kwenye handaki, akimshika mkono. Kwenye ukuta wa maneno, bibi alisoma neno moja la lugha yao, na mzee akasoma lile la pembeni yake. Walisoma hivyo, neno kwa neno, mpaka mkalimani akakosa kazi.

Walipofika kwenye kaburi, mzee alisimama mbele ya jiwe akalikinga kwa mwili wake.

"Mwambie bibi," alimwambia mkalimani, "jiwe hili nimeliharibu mimi. Nilitaka aone linang'aa. Nimesugua mpaka jina la baba yake limebaki kidogo. Mwambie naomba radhi."

Kisha alipisha. Msusi aliinua kioo. Mwanga ulilala juu ya jiwe, majina yakasimama.

Midomo ya bibi ilisoma jina. Alilisoma tena, kwa sauti. Kisha akasoma na jina la pili, la yule wa nchi hii, akikosea kidogo, na hakuna aliyemsahihisha.

Alipozungumza, mkalimani alitafsiri polepole.

"Anauliza, umekuwa ukija hapa mara ngapi?"

"Kila siku."

"Anasema, basi wewe umekaa na baba yake kuliko yeye. Anasema nauli alikuwa nayo tangu akiwa msichana. Hakukosa nauli. Aliogopa. Alijua akiliona kaburi, baba yake atakuwa amekufa kweli. Asipoliona, baba bado yuko njiani anarudi. Amemsubiri hivyo mpaka mwenyewe amezeeka. Anasema amejinyima mwenyewe. Angekuja mapema, angekuwa na mahali pa kulia."

Mzee Msasa aliinamisha kichwa. Hakuna aliyewahi kumweleza moyo wake kwa usahihi namna hiyo, na aliyemweleza alikuwa mtu asiyejua lugha yake.

Siku hizi wanaoishi chini ya kilima hawasikii brashi tena. Getini kuna ubao mpya: usiguse ukuta, usiokote chuma cha zamani, usiondoke na kitu. Mzee amewafundisha waangalizi wa makaburi mengine kuosha kwa maji na brashi laini. Kioo kingine kimenunuliwa kwa ajili ya wageni, na kile cha saluni kimerudi ukutani kwake. Kuvu imerudi kidogo kwenye pembe za mawe. Mzee anaiona, anafunga mikono nyuma, anapita.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ileile bibi alipoondoka, mzee alimfuata binti yake saluni. Alisimama mlangoni na ndoo ya maji na brashi laini.

"Mwanangu, ukimaliza huyo, twende kwa mama."

Msusi aliacha kusuka. "Leo?"

"Leo. Nionyeshe njia. Siku ile sikuitazama."

Walikwenda pamoja makaburini. Kaburi lilikuwa katikati ya mengine, na jiwe lake dogo lilikuwa bado jipya. Mzee alipiga magoti. Alipitisha kiganja kwanza, kama alivyofundishwa. Hakukuwa na unga wala kuvu, ni vumbi tu.

"Brashi hii hapa, Baba," msusi alisema.

"Haihitajiki."

Alichota maji kwa mkono, akayamwaga juu ya jina, akalifuta kwa kiganja. Kisha akalisoma kwa sauti. Lilikuwa jina fupi, na lilimchukua muda mrefu kulimaliza. Binti yake alipiga magoti karibu naye, naye akaweka mkono. Walikaa hivyo, mikono yao miwili juu ya jiwe, mpaka maji yakakauka.