Barabara ya Gwassi

Bochaberi alikuwa juu ya Land Rover ya marehemu babake sokoni Rangwe, akikaza kamba za mizigo, wakati kijana wa shati jeupe alipomuuliza dereva yuko wapi.

"Unaongea naye."

Matiko akacheka kwa aibu. Alikuwa na miche ya parachichi ya kupelekwa Karungu. Miche ilifika, kisha simu zikaanza.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Wewe bado unatafuta dereva?"

Miezi ikapita hivyo. Siku moja Matiko akaomba wapite njia ya zamani ya mlima Gwassi, iliyochongwa kwa sururu enzi za ukoloni. Bochaberi akavaa kitenge cha zambarau na gambuti, viatu vya mpira vya matope, wakaondoka Sindo asubuhi. Msitu ukawameza. Miti mikubwa ilikutana juu yao, maji yakiteremka mawe kwa mawe, hewa ikinukia majani mabichi.

Simu ya Matiko ikalia. Alikuwa mamake, kutoka Kehancha.

"Niko na dereva tu, mama," alijibu kwa Kikuria.

Kikuria na Kikisii ni ndugu. Bochaberi, Mkisii, alielewa kila neno.

"Mbona kimya, mpenzi?"

"Dereva akiwa kazini haongei."

Matiko akanywea. Aliogopa kumwambia mamake, Msabato wa kweli, kwamba amempenda Mkatoliki.

Kwenye kona ya juu, mvua ilikuwa imekula nusu ya barabara. Bochaberi akaingiza gia nzito. Matiko akashuka bila kuambiwa, akasimama mbele ya gari, matope magotini.

"Kushoto kidogo. Hapo. Njoo."

Magurudumu yakateleza kuelekea bondeni. Matiko hakukimbia. Bochaberi akaifuata mikono yake, si barabara, na gari likapanda.

Kileleni ziwa likafunguka lote, buluu hadi mwisho wa macho. Matiko akapiga simu hapo hapo, kwa sauti.

"Mama, nilikudanganya. Huyu dereva aliyenipandisha mlima Gwassi anaitwa Bochaberi. Ni Mkatoliki. Akinikubali, nataka kumwoa."

Matiko akasikiliza jibu. Kisha akamnyooshea Bochaberi simu. "Anakutaka wewe."

Bochaberi akapangusa mkono kwenye kitenge, akapokea.

"Ni wewe umepandisha gari mlima huo, na mvua za siku hizi?"

"Ni mimi, mama."

Mama huyo akasema, "Basi niletee mtoto wangu mzima. Na usiondoke kwangu bila kula."

Bochaberi akarudisha simu, macho yamelowa.

"Panda," alimwambia Matiko. "Mama ametuita."